Kibo kila asubuhi, kadi mpya kila mwezi

Mshauri, salaam.

Naishi Pasua, Moshi, kwenye nyumba ambayo upenu wake wa nyuma unautazama Mlima Kilimanjaro moja kwa moja. Tangu Machi nimefunga kamera chini ya upenu huo: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 na kamera yake ya Camera Module 3, ndani ya boksi la plastiki la mafundi umeme nililolitoboa tundu na kulibandika kioo. Inapiga picha ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, kila dakika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni. Usiku naunganisha picha kuwa video ya kukimbiza muda na kuirusha mtandaoni. Watu wameipenda, hasa wenyeji wa huku walioko mbali. Siku isipotoka naulizwa.

Sasa mambo yananishinda. Memori kadi ya tatu hii tangu nianze. Umeme ukikatika na kurudi, Pi haiwaki tena, inabaki taa nyekundu inapepesa. Fundi mmoja aliniambia kadi ni feki. Nikanunua ya bei, nayo ikafa. Kwa kuogopa kupoteza picha nikaweka kila moja ipande kwenye hifadhi ya mtandaoni papo hapo, na picha moja ina kama MB 4. GB 10 nilizonunua zikaisha siku tatu. Video nayo inapepesa kama taa inayotaka kuungua, asubuhi kioo kinakuwa na ukungu kwa ndani, na umeme ukikatika usiku picha za jana na za leo zinachanganyika tarehe.

Nyumbani pia si shwari. Mama watoto anasema hicho kidude kinakula umeme wa LUKU, na kila nikiitwa mezani niko juu ya ngazi. Jirani wa uzio wa pili ameuliza, kwa upole lakini ameuliza, kamera yangu inatazama nini.

Nina akiba kidogo. Nafikiria kununua Pi 5 na kadi kubwa ya GB 256. Chaja ninayotumia ni ya simu, imechomekwa sebuleni, na waya wa USB wa mita tatu unapita dirishani hadi kwenye boksi. Je, nikibadilisha kompyuta nitakuwa nimemaliza?

Mtazama Mlima, Pasua

*

Kaka wa Pasua, hiyo akiba isiende kwenye Pi 5. Uliyonayo inatosha na chenji inabaki. Pi 5 itakudai chaja yake ya ampea 5, itakudai waya mwingine wa kamera kwa sababu soketi yake ni ya pini 22 wakati ya Pi 4 ni ya pini 15, na ukiichomeka kwenye waya huohuo wa mita tatu itaua kadi kama ilivyouawa hii. Ugonjwa wako uko kwenye umeme, na dalili zote mbili umeziandika mwenyewe: taa nyekundu inayopepesa, na chaja ya simu sebuleni.

Taa nyekundu ya Pi 4 huzimika kila volti zinaposhuka chini ya 4.63. Tupige hesabu ya waya wako. Waya mwembamba wa USB wa mita tatu unaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.3 kwenda na kurudi, na ile ya bei ya chini huzidi hapo. Pi 4 yenye kamera, ikiwa inaandika kadi na kutumia Wi-Fi kwa pamoja, huvuta ampea 1.2 hivi. Omu 0.3 mara ampea 1.2 ni volti 0.36. Chaja ikitoa volti 5.0 kamili, kwenye Pi zinafika 4.64. Yaani unaishi ukingoni hata siku ambayo umeme haujakatika. Thibitisha leo kabla hujanunua chochote, andika kwenye terminali ya Pi:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, umeme uko sawa. Likiwa 0x50000, volti zilishawahi kushuka tangu ilipowaka. 0x50005 maana yake zimeshuka hivi sasa unavyotazama. Tunaweka dau kwenye moja ya hayo mawili ya mwisho.

Sasa kwa nini kadi ndiyo inayolipa? Kadi haiandiki kidogokidogo kama daftari. Ndani yake kuna kidhibiti kinachofuta na kupanga upya vipande vikubwa vya kumbukumbu, mara nyingi vya megabaiti kadhaa, hata kama ulichotaka kuandika ni mstari mmoja wa taarifa za mfumo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kinachopotea si picha yako ya mwisho tu. Hupotea chochote kilichokuwa jirani yake kwenye kipande kilekile, na siku ukikosa bahati huyo jirani ni orodha inayoiambia kompyuta faili zake ziko wapi. Ndiyo maana kadi ya bei nayo imekufa. Ikiwa fundi naye alikuwa na hoja, na kadi feki zipo kweli, utazijua kwa programu iitwayo f3: ifunge kwa sudo apt install f3, kisha elekeza f3write halafu f3read kwenye kadi tupu. Kadi iliyoandikwa 64 huku ndani ina 8 itaumbuka ndani ya saa moja au mbili. Na hizo mbili zilizokufa usizitupe bado. Zifomati upya uzipitishe kwenye f3, huenda mojawapo ni nzima na kilichoharibika ni maandishi tu.

Dawa ina sehemu mbili, na ukifanya moja bila nyingine utarudi kutuandikia.

Sehemu ya kwanza ni betri. Tafuta betri ya asidi iliyofungwa ya volti 12, ampea-saa 7, ile inayokaa ndani ya UPS na kwenye mashine za ving'ora. Ina wati-saa 84, lakini usiinyonye zaidi ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo hesabu 42. Pi yako na kamera ni wati 4 hivi kwa wastani, ongeza kinachopotea njiani uite 4.7. Ukigawanya unapata karibu saa 9 bila umeme. Chaja yake iwe ya volti 13.6 hadi 13.8 na isizidi ampea 2. Usitumie chaja ya betri ya gari ukaiacha imechomekwa. Hiyo husukuma volti 14.4 au zaidi bila kupumzika, na betri ndogo huvimba mbavu kisha hukauka. Betri yenyewe ikae ndani ya nyumba mahali penye hewa, wala usiipandishe darini. Chini ya bati mchana pana joto la kuoka, na betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25.

Kwenye nguzo chanya, ndani ya upana wa kiganja kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 2. Betri ndogo hii ikigusana waya kwa waya inaweza kuwasha pazia. Watu huiruka fyuzi kwa sababu volti 12 hazirushi mtu. Ni kweli hazirushi, lakini zinachoma.

Kutoka hapo pitisha waya wa volti 12 hadi kwenye boksi nje, na ndani ya boksi ndipo uweke kile kibodi (bodi ndogo ya sakiti) cha kushusha volti, cha LM2596 kinatosha. Huu ndio ujanja wenyewe: kwa volti 12 mkondo unashuka hadi ampea nusu, kwa hiyo hata ukinzani uleule wa omu 0.3 unakula volti 0.15 tu, na kibodi hakijali kama kimepata 12.0 au 11.85. Kazi ya mwisho ya volti 5 ifanywe na waya mfupi usiozidi sentimita 30. Kabla ya kuunganisha Pi, washa kibodi kikiwa peke yake, weka maltimita kwenye ncha zake za kutolea umeme, uzungushe kile kiskurubu cha shaba polepole hadi isome 5.1. Vibodi hivi hutoka dukani vikiwa vimewekwa popote, hata volti 11, na Pi iliyolishwa 11 haina matibabu. Kiskurubu kina mizunguko mingi, hivyo usishangae ukikizungusha mara kumi ndipo namba ianze kusogea. Ukishafika, kiweke tone la rangi ya kucha kisisogee.

Utaulizwa kwa nini usitumie pawabenki ukamaliza. Nyingi hukata umeme kwa nukta moja pale zinapohama kutoka kuchajiwa kwenda kujitegemea, na nukta hiyo moja inatosha kuiangusha Pi. Sola nayo ni wazo zuri kwa baadaye, ila usidanganyike na paneli ya wati 20. Wati 4.7 usiku na mchana ni wati-saa 113 kwa siku, na kwa mawingu ya Juni na Julai yanayokaa Moshi hadi mchana, ukiwa na paneli iliyo chini ya wati 50 utalala njaa. Ruta pia usiilishe kwenye betri hii, maana nyingi hula zaidi ya Pi yenyewe. Kwa mpango utakaouona chini, intaneti utaihitaji dakika chache tu usiku.

Sehemu ya pili ni kuifanya kadi isiandikwe kabisa. Mfumo ubaki kwenye kadi, picha ziende kwenye flashi ya USB ya GB 32. Ifomati flashi kwa ext4, ipe folda yake /mnt/picha, na kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia Pi ipachike diski zipi ikiwaka, weka mstari huu, ukibadilisha namba kwa ile utakayoipata kwa amri ya blkid:

UUID=namba-ya-flashi /mnt/picha ext4 defaults,noatime,nofail 0 2

Neno nofail usiliache. Bila hilo, siku flashi ikilegea Pi itagoma kuwaka hadi mtu aje na kibodi ya kuandikia na skrini, na mtu huyo ni wewe juu ya ngazi wakati wa chakula. Mpe pia mtumiaji wako umiliki wa folda hiyo kwa chown flashi ikiwa imeshapachikwa, la sivyo picha zitakataliwa kimyakimya.

Baada ya kila kitu kufanya kazi, na si kabla, ingia sudo raspi-config, sehemu ya Performance Options, uwashe Overlay File System. Tangu hapo kadi inasomwa tu, mabadiliko yote ya mfumo yanakaa kwenye RAM na kufutika ikizimwa. Kwenye mifumo mipya overlay inaweza kuifunika na flashi, kwa hiyo iwashe Pi upya mara moja uone kama picha za majaribio bado zipo; zikiwa zimepotea, kwenye /boot/firmware/cmdline.txt geuza overlayroot=tmpfs iwe overlayroot=tmpfs:recurse=0. Umeme ukatike mara ishirini kwa siku, kadi haina cha kuharibikiwa. Kero yake: ukibadilisha nenosiri la Wi-Fi ukasahau kwanza kuzima overlay, ukiwasha tena linarudi lile la zamani. Watu wamefomati kadi nzima kwa kudhani zimeoza, kumbe zimetii tu.

Tarehe kuchanganyika kunatokana na jambo dogo. Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimika, ikiwaka inaanza na muda wa mwisho ilioukumbuka, na hadi ipate intaneti inaamini bado ni jana. Ukiwasha overlay hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu muda wa mwisho unaokumbukwa utabaki siku ile ulipoiwasha. Nunua moduli ndogo ya saa ya DS3231. Ile ndogo yenye matundu matano hukaa yenyewe juu ya pini 1, 3, 5, 7 na 9. Ongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye /boot/firmware/config.txt. Ukipata ile kubwa ya bluu yenye betri ya kitufe, tazama betri kabla ya kuwasha: baadhi zina sakiti ya kuchaji, na CR2032 haichajiwi, huvimba. Ilishe volti 3.3 badala ya 5 na hatari hiyo inapungua sana. Kanda za saa ziwe Africa/Dar_es_Salaam.

Tuje kwenye bando. Hapa kosa lilizaliwa na kosa: unapandisha kila picha kwa sababu huiamini kadi. Saa 13 mara dakika 60 ni picha 780, mara MB 4 ni zaidi ya GB 3 kwa siku. GB 10 siku tatu, hesabu haikukuonea. Kadi ikishatulia, kupandisha picha mbichi hakuna maana tena. Pandisha video iliyokamilika, basi.

Na picha zenyewe unapiga vibaya, utuwie radhi. Picha moja kwa dakika ni chache mno kwa mawingu ya Kibo, yanakimbia hadi mlima unaonekana unaruka. Halafu mchana kutwa unarekodi wingu jeupe ambalo hakuna anayelitazama. Mlima hufunguka alfajiri na jioni, kila mtu wa Moshi anajua. Piga kila sekunde 20 kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi, unapata picha 720. Jioni saa 11 hadi saa 1, picha 360. Kwa fremu 24 kwa sekunde hiyo ni video ya sekunde 45 iliyojaa mlima mtupu.

Ukubwa wa 1920 kwa 1080 unatosha, watazamaji wako wako kwenye simu. Lakini usiupate kwa kuibana picha nzima. Kutoka Moshi, Kibo iko karibu kaskazini kabisa, kama kilomita 30, na Mawenzi, kilele cha pili, iko kulia kwake kwa nyuzi 20 hivi. Kamera yako inaona nyuzi 66 kwa upana. Yaani theluthi mbili ya picha ni anga, nyaya na paa za watu. Sensa ina pikseli 4608 kwa upana, hivyo ukikata asilimia 60 ya katikati unabaki na 2765, bado ni nyingi kuliko 1920 unazohitaji. Mlima unasogea karibu bila kupoteza ukali, na uwanja wa jirani unatoka kwenye picha.

Andika faili piga.sh:

#!/bin/bash
mountpoint -q /mnt/picha || exit 1
D=/mnt/picha/$(date +%Y%m%d_%H)
mkdir -p $D
rpicam-still -n -t $1 --timelapse 20000 --mode 4608:2592 --roi 0.2,0.2,0.6,0.6 --width 1920 --height 1080 -q 85 --lens-position 0.0 --awb daylight --metering average -o $D/%04d.jpg

Mstari wa mountpoint unaonekana wa ziada lakini ndio mlinzi. Flashi ikichomoka, bila mlinzi huyo picha zitaandikwa kwenye folda tupu, folda iko kwenye overlay, overlay iko kwenye RAM, na ndani ya siku chache Pi inaganda bila maelezo. Folda ya kila kipindi nayo ni lazima, kwa sababu namba za picha huanza sifuri kila mara, na bila folda mpya ya leo itafuta ya jana. Kama mfumo wako ni wa zamani kidogo, amri inaitwa libcamera-still.

Kisha fungua ratiba ya cron, inayoendesha amri zenyewe kwa saa ulizopanga, kwa crontab -e:

0 6 * * * /home/jina/piga.sh 14400000
0 17 * * * /home/jina/piga.sh 7200000

Namba hizo ndefu ni milisekunde, saa nne na saa mbili. Cron haijui saa za Kiswahili: 6 ni saa 12 asubuhi, 17 ni saa 11 jioni. Na usijaribu kuhamishia amri ya date moja kwa moja ndani ya crontab. Humo alama ya % ina maana nyingine na mstari unakatikia hapo. Ndiyo sababu imewekwa kwenye faili, ambayo usisahau kuipa chmod +x.

Kupepesa kwa video kutapungua kwa hatua hiihii. Kamera inayowashwa upya kila dakika hukisia mwanga upya kila mara, na makisio hayafanani. Hapa inabaki macho kwa saa nne na kufuata mwanga taratibu. Rangi imefungwa kwenye mwanga wa mchana kwa --awb daylight, kwa hiyo wekundu wa alfajiri unabaki mwekundu badala ya kamera "kuusahihisha". Fokasi imefungwa kwenye sifuri, yaani mbali kabisa. Ikiachwa huru, siku ya ukungu itaacha mlima na kukufokasia vumbi la kioo. Kupepesa kudogo kutakakobaki kutafutwa na deflicker, kichujio cha programu ya ffmpeg inayounganisha video:

ffmpeg -framerate 24 -i $D/%04d.jpg -vf deflicker=size=10 -c:v libx264 -b:v 3M -pix_fmt yuv420p asubuhi.mp4

Weka njia halisi ya folda mahali pa $D. Yuv420p iache ilivyo, bila hiyo simu nyingi huonyesha skrini nyeusi. Kwa megabiti 3 kwa sekunde, zile sekunde 45 zinatoka kama MB 17. Mwezi mzima ni nusu GB. Flashi nayo, kwa picha za MB 0.6, itabeba siku 45 hivi kabla ya kuhitaji kufutwa.

Ukungu wa kioo. Umeliziba boksi kabisa, ndiyo maana. Mchana hewa ya ndani hupanuka na kutoka kwenye vimwanya vya skrubu, usiku hupoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na alfajiri unyevu huo unatua kwenye kioo, mahali penye baridi kuliko pote. Toboa matundu mawili ya milimita 3 chini ya boksi lipumue, uyafunike kwa wavu wa chandarua kwa ndani, maana nyigu wa Moshi hawaachi tundu bila kujenga. Waya uingie kwa chini pia, ukiwa umening'inia kama tumbo kabla ya kuingia ili maji yadondokee hapo. Ndani weka gramu 20 za silika, zile punje zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Zikilowa zimwage kwenye sufuria kavu na uzipashe kwa moto mdogo. Usizipashe na karatasi zake. Lenzi isogeze hadi ikaribie kugusa kioo na uzungushie utepe mweusi, la sivyo jua la asubuhi litakuonyesha taa za Pi zikielea juu ya Mawenzi.

Kuhusu LUKU, mwambie shemeji yetu hesabu, lakini mwambie kwa adabu. Wati 5 usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 3.6. Pasi ya wati 1,000 inamaliza hizo kwa muda usiofika saa nne. Ongeza hasara ya chaja ya betri uite uniti 5. Ila tunavyosoma barua yako, shemeji hakulalamikia uniti peke yake. Amelalamikia ngazi. Boksi likijiendesha, ngazi ipandwe Jumapili moja kwa mwezi kufuta kioo na kubadilisha silika, na kazi ya usiku iwe kuandika amri moja baada ya chakula. Au amri yenyewe iweke kwenye faili lake kama piga.sh, maana nayo ina alama ya %, na faili hilo uliingize kwenye cron saa 2 usiku, uamke video ipo.

Jirani mwite aje aone picha yenyewe kwenye skrini, leo, kabla hajauliza mara ya pili. Kukata kwa --roi kunamtoa kwenye picha, lakini yeye haoni programu, anaona jicho la kamera. Kwa hiyo bandika utepe mweusi kwenye nusu ya chini ya kioo, hadi pale picha inapoanza kuingia kivuli, naye aone kwa macho kwamba uwanja wake umezibwa. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kurusha mtandaoni nyuso za watu na watoto waliomo uani kwao bila ridhaa si jambo la kubahatisha. Upande wako pia jihadhari: mkao wa Kibo na Mawenzi kwenye picha humwonyesha mjuzi mtaa wako kwa karibu sana. Rusha ya jana, na usiandike kamwe kwamba mmesafiri.

Nunua kwa mpangilio huu kadiri akiba inavyoruhusu: betri, chaja yake, fyuzi na kibodi cha kushusha volti kwanza, flashi na saa mwezi ujao. Overlay ni bure. Ukishafunga, usisubiri umeme ukatike wenyewe. Chomoa chaja ukutani saa 4 usiku, ulale. Asubuhi saa 12 na nusu, kabla hujairudisha, pima betri kwa maltimita ikiwa inafanya kazi na uandike tena vcgencmd get_throttled. Ikisoma zaidi ya volti 12 na jibu ni 0x0, kapande ngazi mara moja tu, ukaze skrubu za boksi. Ikisoma chini ya 11.5, betri uliyouziwa ni ya zamani, irudishe ukiwa bado na risiti.